Shajara ya Mradi: Nyumba Mpya Juu ya Gofu la Mkomani, Lamu

Januari: kupima kiwanja

Kiwanja kiko Mkomani, upande wa kaskazini wa Mji wa Kale wa Lamu, juu kidogo ya Usita wa Mui, njia kuu ya mji, pale ardhi inapoanza kupanda kuelekea magharibi. Majirani wanakiita gofu, na ndivyo kilivyo. Hapo palikuwa na nyumba ya mawe ya ghorofa iliyoachwa na wenyewe. Paa likaanguka kwanza, mvua ikala chokaa ya kuta, na leo zimebaki kuta tatu zisizozidi kimo cha mtu, kisima kilichofukiwa nusu, na kipande cha ukuta wa ndani chenye vidaka vinne, yaani vishimo vya ukutani vya kuwekea vitu, ambavyo lipu yake bado ni ngumu. Upana wa mbele ni takribani mita 9.4 na kina chake ni mita 16.8, ingawa hakuna pembe hata moja iliyo sawasawa. Kichochoro kinapita upande wa kaskazini kikiteremka kuelekea baharini, upana wake ni mita moja na nusu, na mtaro wa maji uko wazi ubavuni mwake.

Kuta za mashariki na magharibi ni za shirika, yaani jirani akigonga msumari kwake, kwetu vumbi linaanguka. Nimeziandika mwanzoni kabisa mwa daftari la mradi kwa sababu ndizo zitakazoamua mambo mengi kuliko matakwa yetu. Jirani wa magharibi yuko juu yetu na maji yake ya mvua yanashuka upande wetu. Jirani wa mashariki yuko chini, na kiwanda chake, yule ua wa ndani ambao ndio moyo wa nyumba ya Lamu, kinaonekana wazi kwa yeyote atakayesimama mahali ambapo ghorofa yetu itakuwa.

Februari: matakwa ya wenye nyumba

Familia ni ya mume, mke, watoto watatu na mama mzazi wa mume. Ni wenyeji, na wamesema mapema kwamba nyumba si ya kupangisha wageni. Nimelipokea hilo kwa furaha, kwa kuwa nyumba nyingi za mtaa huu zilizotengenezwa upya katika miaka ya karibuni zimetengenezwa kwa ajili ya mtu atakayelala siku tatu, na msanifu anayejenga kwa ajili ya mtu wa siku tatu hajiulizi nguo zitaanikwa wapi.

Wanataka vyumba vitatu vya kulala ghorofani, chumba cha bibi chini pamoja na choo chake ili asipande ngazi, jiko lililo chini badala ya kidari cha meko cha juu ya paa, chumba kidogo cha kazi kwa kuwa mke hufanya kazi zake kwa intaneti, na umeme wa jua. Wanataka pia sebule pana ambamo familia nzima inaweza kukaa siku ya Idi. Jambo la mwisho lilitajwa na mke karibu na mlangoni tukiagana: angependa kuiona bahari kutoka juu. Mwenye nyumba alisisitiza kwamba nyumba iwe ya kisasa. Nilipomwuliza maana yake, alisema hataki nakshi za kuiga na hataki matao ya hotelini. Tumekubaliana upesi.

Machi: boriti na upana wa vyumba

Mwezi huu wote umeliwa na suala moja, yaani upana wa chumba. Anayeingia katika nyumba ya kale ya Lamu huona vyumba vyembamba na virefu vilivyopangwa kimoja nyuma ya kingine: msana wa tini (wa chini), msana wa yuu (wa juu), ndani, kila kimoja kikiwa kimeinuliwa kidogo kuliko kilichotangulia. Wengi huusimulia mpangilio huo kama mila ya heshima, kwamba kadiri unavyozidi kuingia ndivyo faragha inavyozidi, na hilo ni kweli. Lakini wembamba wenyewe umetokana na mti. Boriti ya mkoko ina unene wa sentimita 12 au 13 tu, na juu yake hulazwa mapande ya mawe kisha zege ya chokaa iliyopondwa kwa siku nyingi, kiasi kwamba sakafu yenye kina cha sentimita 25 hupita kilo 400 kwa kila mita ya mraba. Kwa mzigo huo boriti haivuki salama zaidi ya mita mbili na nusu hivi, au tatu kasoro kwa anayejasiri. Ukitaka chumba kikubwa hukipanui, unakirefusha.

Mhandisi wetu alipendekeza njia fupi, ambayo ni sakafu ya zege na nondo kutoka ukuta hadi ukuta, yenye upana wa mita tano bila nguzo. Hesabu yake haina dosari. Wasiwasi wangu ulikuwa wa aina mbili. Kwanza ni chumvi. Hewa ya hapa, maji ya visima na mchanga wa pwani vyote vina chumvi, na chumvi ikishafika kwenye nondo, nondo huvimba kwa kutu na kuipasua zege. Mifano iko mjini kwa yeyote anayeinua macho chini ya vibaraza vya zege vilivyojengwa miongo michache iliyopita. Inawezekana kuizuia kwa kuagiza mchanga wa nchi kavu kwa jahazi, kutumia maji matamu na kuifunika nondo kwa sentimita tano za zege, lakini kila sharti miongoni mwa hayo linategemea usimamizi wa kila siku kwenye kichochoro ambacho gari halifiki. Pili, kuta za shirika ni za mawe na chokaa, na zina ulegevu wake; kuzibebesha bamba moja zito na gumu ni kumlazimisha mzee atembee kwa mwendo wa kijana.

Mhandisi hakuafiki mara moja, na ni haki yake, maana yeye ndiye atakayetia sahihi. Tulichofikia ni hiki. Vyumba vyote vitafuata kipimo cha boriti, mita 2.5 kati ya ukuta na ukuta. Lakini ukuta unaotenganisha msana wa tini na msana wa yuu utaondolewa kwa sehemu kubwa, na mahali pake zitawekwa nguzo mbili za mawe zikibeba mihimili ya mbambakofi, mti mgumu wa pwani, miwili miwili, yenye urefu wa mita 3.4. Hapo tunapata sebule ya mita tano na zaidi kwa upana, ya siku ya Idi, bila kuidai boriti kazi isiyoiweza. Urefu wa mihimili haukuamuliwa na hesabu peke yake. Tulibeba fito la urefu uleule kutoka gatini hadi kiwanjani, na kona ya mwisho ya kichochoro iligoma kwa kitu chochote kirefu zaidi ya hapo.

Kuhusu upatikanaji wa boriti zenyewe, tunanunua kwa muuzaji mwenye kibali cha Huduma ya Misitu. Mikoko ya Lamu ndiyo mingi kuliko yote ya pwani ya Kenya, lakini imekuwa chini ya marufuku mbalimbali, ya kusafirisha nje tangu 1982 na ya ukataji mnamo 2018, na mradi unaotegemea boriti lazima upange ratiba yake ukijua kwamba siku moja jibu linaweza kuwa hapana. Kwa sababu hiyo sakafu ya ghorofani imefanywa nyepesi kuliko ya kale: boriti zilezile, mbao juu yake, na tabaka la chokaa la sentimita nane tu. Boriti zinapungua idadi, na kuta zinapumua.

Aprili: jua

Masika imeanza na hakuna kazi ya kiwanjani, hivyo nimekaa na michoro ya jua. Lamu iko zaidi kidogo ya nyuzi mbili kusini mwa ikweta. Jua la mchana wa Juni linasimama upande wa kaskazini kwa kimo cha nyuzi 64 hivi, na la Desemba upande wa kusini kwa nyuzi 69. Nyumba za kale hufungua misana yake kaskazini, kwenye kiwanda, na kaskazini ndiko kibla kilipo kwa watu wa hapa. Nilikuwa nikichukulia kwamba kibla ndiyo sababu nzima. Michoro inaonyesha kwamba mwelekeo huo una faida nyingine: wakati wa joto la kaskazi, kuanzia Desemba hadi katikati ya Machi, jua liko kusini au utosini, na msana uliofunguka kaskazini unabaki kivulini mchana kutwa. Jua linapohamia kaskazini na kuweza kuingia, ni wakati wa kusi, ambapo upepo ni mwingi na joto limepungua. Bila ukingo wowote, jua la Juni lingeingia mita 1.35 ndani ya uwazi wenye kimo cha mita 2.8, kwa ukingo wa sentimita 90 linaingia chini ya nusu mita. Nimeuweka ukingo huo, na nimeacha kutafuta mpangilio mwingine.

Kwa hiyo nyumba inabaki na daka (kibaraza cha mlangoni), tekani (ukumbi wa kuingilia), kiwanda, kisha misana. Mtu akiniuliza usasa uko wapi, nitamwonyesha jiko lililo kando ya kiwanda, chumba cha bibi mahali palipokuwa na sabule, chumba cha wageni, na ngazi iliyohamishiwa ndani.

Mei: maji

Kisima kimepimwa na maji yake ni ya chumvichumvi, tena yana dalili ya uchafu wa vyoo vya mashimo, jambo lisilomshangaza mtu yeyote katika mji wenye nyumba zilizobanana hivi. Yatatumika kusafishia tu. Paa lina mita za mraba 90 za kukusanyia mvua. Tukichukua mvua ya milimita 900 kwa mwaka na kupoteza sehemu ya tano, tunapata takribani lita 65,000, lakini sehemu kubwa itashuka ndani ya miezi mitatu. Tangi la lita 20,000 chini ya kiwanda ndilo linaloingia bila kuisumbua misingi ya majirani. Litapigwa lipu ya chokaa iliyochanganywa na unga wa matofali ya kuchoma ili isipitishe maji. Bibi ameuliza kama bafuni kwake kutakuwa na birika, lile tangi la kale la kuogea ambalo watu walikuwa wakiweka samaki wadogo ndani yake wale viluwiluwi vya mbu. Kutakuwa nalo, pamoja na bomba.

Juni: sitara

Nilichora dirisha upande wa mashariki wa ghorofa, pana na la chini, kwa ajili ya upepo na kwa ajili ya bahari. Kabla ya kulipeleka mbele, tulikubaliana kwamba mke wa mwenye nyumba aende kwa jirani wa mashariki, bibi anayeishi na wajukuu zake, kwa kuwa mimi siwezi kuingia katika kiwanda chake na kuanza kupima. Alikwenda na utepe wa kupimia, na mimi nikasimama juu ya jukwaa la mbao lenye kimo cha ghorofa yetu nikiwa nimeupa mgongo upande wao, tukazungumza kwa simu. Alirudi na vipimo, na maneno ya yule bibi ambayo nimeyaandika kama nilivyoambiwa: "Mwanangu, jengeni, Mungu awajaalie. Lakini mkilifungua dirisha lile, mimi mmenifungia kiwanda changu."

Wapo wasanifu ambao wangemaliza jambo hili kwa kioo cha ukungu. Sikuona kwamba kinatosha, kwa kuwa dirisha la namna hiyo likifunguliwa kwa joto la Machi halina tena ukungu wowote, na jirani anaishi akingoja tufungue. Sitara, yaani kusitirika na macho ya watu, hapa ni haki ya jirani inayotangulia starehe ya mwenye nyumba, na nyumba isiyoitimiza haitakuwa ya mtaa huu hata ikijengwa kwa matumbawe matupu. Dirisha limeondolewa. Mahali pake pana mianya myembamba inayoanzia mita 1.9 kutoka sakafuni, juu ya macho ya mtu aliyesimama, na upepo unaoingia hapo unatokea kwenye madirisha makubwa ya kiwandani.

Bahari ilibaki kuwa deni. Juu ya paa, mtu akisimama ukingoni angeona bahari na angeona pia kiwanda cha bibi jirani. Mchoro wa mkato ulionyesha kwamba akizuiwa kufika ukingoni, akabaki mita 1.8 nyuma ya ukuta wa kimo cha mita 1.3, mstari wa macho yake unapita juu ya nyumba ya jirani kabisa na kufika kwenye mkondo wa maji na mikoko ya Manda, kisiwa cha ng'ambo. Ukanda huo wa mita 1.8 ulihitaji kitu cha kuujaza, na wakati huohuo tulikuwa hatujapata mahali pa kuweka paneli za umeme wa jua pasipoonekana kutoka kichochoroni. Sasa zinalala hapo, nyuma ya ukuta, kwa mwinamo wa nyuzi kumi ili mvua izioshe chumvi. Hakuna mtoto atakayepita juu yake, na hakuna mpita njia atakayeziona. Bibi jirani ameonyeshwa mchoro na kuridhia.

Julai: ofisi ya uhifadhi, wikio na mlango

Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mnamo 2001, lakini mpango wake wa uhifadhi ni wa zamani zaidi, wa mwaka 1986, na kila jengo jipya hupita kwa ofisi ya uhifadhi iliyo chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya pamoja na idara ya mipango ya kaunti. Kikao kilikuwa cha makini. Kimo hakikuwa na mjadala, kwa kuwa tumebaki chini ya jirani wa magharibi. Mjadala ulikuwa juu ya mambo mawili yanayoonekana kutoka njiani.

La kwanza ni wikio. Nyumba ya kale ilikuwa na chumba kilichovuka kichochoro na kuungana na nyumba ya upande wa pili. Matundu ya boriti bado yamo katika ukuta wa wale majirani. Ofisi ilipenda kirudishwe. Wikio lilikuwa njia ya jamaa wa nyumba mbili kutembeleana bila wanawake kushuka njiani, na familia hizi mbili za leo si jamaa. Kujenga chumba kinachoelea kisichokwenda popote kungekuwa mapambo. Hata hivyo wikio lilifanya kazi nyingine mbili zisizohitaji undugu: lilitia kivuli njiani na lilizikinga kuta mbili zinazotazamana zisiegemeane. Tumependekeza, na ofisi ikakubali, boriti nne tupu zinazovuka kutoka ukuta hadi ukuta katika matundu yaleyale, zikiwa na fito juu yake kwa ajili ya kivuli. Kimo chake ni mita 2.8 kutoka njiani, ili apite punda na shehena yake, na lipite jeneza mabegani mwa watu. Siku ambapo familia hizi zitaoana, chumba kinaweza kujengwa juu yake.

La pili ni mlango. Mjumbe mmoja alitaka mlango wa nakshi kama ilivyo desturi. Nilieleza kwamba nakshi za kale zilichongwa na mafundi waliokuwa na jambo la kusema katika zama zao, ilhali nyingi zinazochongwa sasa ni nakala ya nakala. Tulichopeleka ni mlango wa mbambakofi wa mbao mbili, wenye kati (mti wa katikati ya mbao hizo) na miimo minene isiyo na mchoro wowote, uliozama ndani ya daka lenye mabaraza mawili ya mawe yanayotazamana. Ubishi ulikuwa mrefu na wa heshima. Hoja iliyotuvusha ni ya ukuta wenyewe: vichochoro vya Mkomani ni vya kuta nyeupe tupu, kwa kuwa fahari ya nyumba hizi imewekwa ndani, na wingi wa urembo wa nje tunaouona leo umeletwa na biashara ya wageni. Kuta tupu zenye daka la kina ziko karibu zaidi na karne ya kumi na nane kuliko tao la saruji lililoongezwa mwaka jana. Mlango umepita kwa sharti kwamba mabaraza yawe wazi kwa yeyote anayepita, sharti ambalo tungelitaka hata bila kuambiwa.

Vile vidaka vinne vinabaki mahali pake. Vitakuwa katika ukuta wa chumba cha bibi, vikisafishwa tu.

Agosti: ukuta wa majaribio

Fundi mkuu amejenga ukuta mfupi kwa mawe ya Manda, nusu yake lipu ya chokaa na mchanga kwa moja kwa tatu, nusu nyingine ya saruji, kwa sababu mwenye nyumba alitaka kuona kwa macho. Tumeuacha msingi wake unywe maji ya kisima. Upande wa saruji ulibaki mkavu na mzuri kwa muda, kisha unyevu ukapanda ndani ukakosa pa kutokea, na lipu ikaanza kutoa sauti ya uwazi inapogongwa. Upande wa chokaa uliota unga mweupe wa chumvi juu yake, ukafagiliwa kwa brashi, basi. Chokaa itakuwa ndiyo lipu ya nyumba nzima, na shimo la kuilowekea limechimbwa ili ikae miezi kabla ya kutumika. Fundi mkuu hakusema lolote. Alikuwa amelijua jibu tangu mwanzo.

Septemba: msingi

Uchimbaji wa msingi umefichua mfereji wa kale wa mawe unaopita chini ya tekani kutoka upande wa magharibi. Unabeba maji ya mvua ya jirani wa juu hadi kwenye mtaro wa kichochoro, na bado unafanya kazi. Hakuna ramani iliyouonyesha. Kuuziba ni kumfurikisha jirani masika ijayo, na kuuhamisha kungehitaji kuchimba chini ya ukuta wa shirika. Tumeukubali ulipo: sakafu ya tekani inapanda sentimita 18, mfereji unapigwa lipu upya, na kifuniko cha kuusafishia kimewekwa katika daka, nje ya mlango, ili jirani akitaka kuuzibua asilazimike kubisha hodi wakati wenyewe wamelala.

Michoro imesahihishwa na kupelekwa tena ofisini kwa ajili ya badiliko hilo la kimo. Boriti za sakafu ya ghorofa zimeagizwa kwa urefu wa mita 3.1, yaani mita 2.5 za chumba na sentimita 30 za kukalia ukuta kila upande, na muuzaji ameahidi kuzifikisha gatini kabla kaskazi haijaanza.